Moto Uliobaki Ndani ya Hami

Juzi nilikuwa kwenye mitumba pale Kariakoo, namtafutia mjukuu wangu kitu cha kuvaa, maana wanahamia Mbeya na kule baridi haina mchezo. Kijana muuzaji akanirushia kikoti cha bluu, kizuri, kola yake ya manyoya. Akaniambia mama, hiyo ni sungura halisi, siyo plastiki, pitisha kidole uone. Nikapitisha kidole mara moja tu. Nikakirudisha kikoti mezani, nikasema ahsante baba, nikaondoka nimeacha hata mfuko wangu wa nyanya. Lazima alijiuliza huyu bibi vipi. Hata ningekaa nikamweleza asingenielewa. Lakini wewe uliyekulia kwenye nyumba za vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, zama za kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri, wewe tutaelewana.

Tulikuwa tunakaa nyuma kidogo ya Mtaa wa Kongo, chumba cha mwisho, kile kinachopakana na ua. Tulikuwa Bibi mzaa mama, Mama, mimi, na mdogo wangu Hamisi, ambaye sijui kama kuna mtu aliwahi kumwita Hamisi. Alikuwa Hami tu. Baba alikuwa dereva wa lori la shirika la umma, anapeleka mbolea mikoani, kwa hiyo tukimwona leo tunaagana naye kesho. Bibi alitokea Rufiji, na ndani ya ua ule neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Hata Mama Aika, mpangaji mwenzetu wa kutoka Moshi, mtu wa kanisani kila Jumapili, jino likimuuma alimwendea Bibi kwanza, daktari baadaye. Na Mama yangu sikuwahi kumsikia akimjibu Bibi. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa mchuzi umezidi chumvi, anasema nisamehe mama, hata kama chumvi ameitia Bibi mwenyewe.

Hami alikuwa na miaka kama minne, na siku hiyo alikuwa na tiara ya gazeti. Anakimbia nayo ua mzima, kichwa kimeangalia juu. Mama alikuwa ameepua sufuria ya uji, ameiweka chini kando ya jiko ili apakue. Hakuna aliyekosea. Nimelifikiria jambo hilo umri wangu wote na sijapata wa kumlaumu. Ua ulikuwa mdogo, mtoto alikuwa anatazama juu, basi. Akajikwaa, akaingia kwenye uji kwa kifua na mkono wa kushoto. Chai ikikumwagikia inapita, lakini uji unanata. Mama alipomvua shati, shati lilikuja na ngozi.

Walimkimbiza zahanati. Akarudi amefungwa bendeji kifua na mkono mzima, na dawa ya zambarau imevujia mpaka shingoni. Mama aliambiwa amrudishe kila asubuhi kidonda kioshwe. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Bendeji ilikuwa inagandana na kidonda, na nesi, hata awe na huruma namna gani, lazima ailowanishe aibandue. Nilikwenda nao mara moja. Sijawahi tena kusikia mtu akilia vile. Watu kwenye benchi walikuwa wanatazama miguu yao wenyewe. Mama alitoka nje akatapika kwenye mtaro, akajifuta kwa ncha ya khanga, akarudi ndani kumshika. Niliziba masikio na bado nikasikia.

Jioni ya siku hiyo Bibi akasema basi. Alisema mtoto hatarudi kule kwenda kuchunwa kama samaki, kwao watu wameungua tangu enzi na enzi na dawa ipo. Mama akakubali. Nadhani na yeye alikuwa hana tena nguvu za kuisikia ile sauti. Ukimwambia mama yeyote kwamba iko njia ya kumtibu mwanawe bila kumliza, ataifuata.

Dawa yenyewe ilikuwa manyoya ya sungura. Sokoni, upande wa kuku na bata, palikuwa na mzee mmoja anauza sungura, na Bibi alikwenda mwenyewe kuchagua mweupe. Akarudi na manyoya kwenye kipande cha gazeti. Akampaka Hami asali juu ya kidonda, kisha akawa anabandika manyoya kidogo kidogo, huku midomo yake ikisoma dua. Sitadanganya, ilipendeza. Hami aliyekuwa ameshinda analia alinyamaza akaanza kujitazama ule mkono mweupe, laini, na mimi nikamwonea wivu. Wapangaji walipita mmoja mmoja kuangalia, wakamsifu Bibi kwa mikono yake. Baada ya siku kadhaa manyoya yakashika, yakawa gamba gumu, kavu, halitoi hata tone la maji. Na nguo tulizomfunikia zilikuwa zinafuliwa kwa majivu, maana sabuni siku hizo tulikuwa tunaisikia redioni.

Halafu ikaja homa. Bibi hakushtuka. Alitueleza pale pale kitandani kwamba mtu akiungua moto hauishii kwenye ngozi, unaingia ndani ukajificha, na homa ndiyo huo moto unatoka. Kwa hiyo asipewe maji ya baridi, kwa sababu jiwe la moto ukilimwagia maji linapasuka. Hami alikuwa anaomba maji, na Mama alikuwa anamlowanisha midomo kwa kitambaa Bibi akigeuka.

Mimi nilikuwa na miaka saba, na nilimwamini Bibi kila neno. Ndani ya Hami kulikuwa na moto, moto kabisa, wenye makaa. Tulikuwa tunalala godoro moja la sufi, nami nikahamia kwenye mkeka karibu na mlango kwa kuogopa godoro lisije likashika. Akipiga miayo nilimchungulia kooni kutafuta mwanga. Nilikaa nikitazama matundu ya pua yake, nangoja moshi. Nilijaza kopo maji, nikaliweka kando ya mkeka, na nilikuwa na mpango kamili wa namna nitakavyommwagia akianza kuwaka. Nilipomgusa shavu kwa ncha ya kidole alikuwa wa moto kweli, na alikuwa anazungumza na kuku. Anasema watoeni hao kuku, watoeni. Kulikuwa hakuna kuku. Nilimwomba Mungu kila nilipokumbuka, nikisema huo moto umtoke, umtoke leo.

Na ukamtoka. Ilikuwa Jumapili, tumeshakula chakula cha mchana. Bibi aliingia akamgusa Hami paji la uso, akamgusa tumbo, akamgusa nyayo, akatoka ukumbini ameinua mikono. Akasema moto umetoka. Tukaingia wote kumgusa kwa zamu, na kweli, alikuwa wa baridi, baridi yenye unyevunyevu kama mtungi. Hakuwa anazungumza tena na kuku. Alikuwa amelala kimya, macho yamefunguka kidogo, anapumua harakaharaka, na Bibi akasema huo ni uchovu, mtoto amepigana na moto siku zote hizo unataka awe na nguvu gani.

Bibi alikuwa na sukari aliyoificha kwa ajili ya Idi, chini kabisa ya sanduku, ndani ya soksi. Akaitoa. Akachemsha birika kubwa la chai, akaigawia nyumba nzima. Mama Aika alikuwa amerudi kanisani, akaleta ndizi mbivu, akaimba kidogo wimbo wao, na Bibi akamwacha aimbe. Ile chai ilikuwa tamu mpaka meno yanauma. Nilikunywa nimekaa kizingitini, nimefurahi kuliko siku yoyote niliyoijua, na nikaliondoa lile kopo langu la maji nikamwagia mchicha wa Bibi. Sikujua kwamba mdogo wangu, pale nyuma yangu, alikuwa anakufa. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tunasherehekea.

Mama hakunywa chai. Alisema atakunywa akishambadilisha Hami shuka. Alipomwinua, upande wa kwapani lile gamba la manyoya lilikuwa limenata kwenye khanga, likabanduka kipande. Chini yake palikuwa na usaha wa kijani, na chumba kikajaa harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naacha kula. Lakini Mama hakuwa anatazama usaha. Alikuwa anamtazama Hami usoni. Kisha alifanya kitu kilichonitisha kuliko vyote nilivyoviona kabla. Alishika ukingo wa gamba kwa vidole viwili, akavuta tena, kwa makusudi, huku bado anamtazama. Macho ya Hami hayakusogea.

"Mama," akasema, taratibu sana. "Halii."

Bibi alikuwa mlangoni, kikombe mkononi. "Si moto umeshatoka? Mwache mtoto alale, Zainabu."

"Nimemchuna, mama. Nimemchuna na halii."

"Zainabu, kaa chini."

Mama hakukaa. Alimviringisha Hami kwenye shuka, akambeba mikononi kama mtoto mchanga, akampita Bibi mlangoni kwa kumsukuma na bega, chai ikamwagika. Wapangaji wakampisha, vikombe mikononi. Sikuambiwa nimfuate wala nisimfuate. Nilishika ncha ya khanga yake tukatoka.

Waliokuwepo wanakumbuka Jumapili za wakati ule. Petroli ilikuwa ya shida, na magari yalipigwa marufuku kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo barabara zote zilikuwa wazi, wavulana wanacheza chandimu katikati ya lami. Siku nyingine tulizipenda Jumapili kwa ajili hiyo. Siku hiyo Mama alisimama mwanzo wa barabara, akaangalia huku na huku, hakuna hata teksi moja, akaanza kukimbia. Wavulana wakautuliza mpira, wakatupisha. Mama hakupiga kelele hata mara moja, na nadhani ndiyo sababu watu walikuwa wanatusalimia. Pale Mnazi Mmoja watu walikuwa wamevaa vizuri, wanatembea na watoto wao, wananunua karanga, vijana wa chama wanafanya mazoezi ya ngoma, na mtu mmoja akamwita Mama kwa jina, akamuuliza za nyumbani. Mama akajibu nzuri, hakusimama.

Mguu mmoja wa Hami ulikuwa umechomoka kwenye shuka, unaning'inia. Nilikuwa nakimbia naushika, nauachia, naushika tena. Kila nikiushika ni wa baridi, na kucha zake zimegeuka rangi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kikwelikweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikiomba moto umtoke. Sasa nikaanza kuomba umrudie. Nilimwambia Mungu samahani, nilikosea kuomba, mrudishie moto wake, hata godoro liungue.

Tulipofika hospitali kuu nesi aliyekuwa mapokezi alimshika Hami kifundo cha mkono, akangoja, kisha akamnyakua kwa Mama akakimbia naye. Hakuuliza jina wala kadi. Mtoto akiona mtu mzima wa serikali anakimbia anajua mambo yameharibika. Mama alikaa chini sakafuni, si kwenye benchi, sakafuni, nami nikakaa mapajani mwake ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kwa hayo.

Daktari aliyekuja kuzungumza naye alikuwa kijana, na hakutufokea. Alichuchumaa ili asiseme akiwa juu yetu. Alieleza kwamba kidonda kilikauka juu tu, chini kilikuwa kinaoza, na uchafu wake ukapata njia ukaingia kwenye damu, damu ikausambaza mwili mzima. Ile homa, alisema, ilikuwa mwili unapigana. Baridi ilikuwa mwili umechoka kupigana. Mama akamuuliza kama atapona. Akasema watamwekea maji na dawa ya mshipani, na watajaribu, na tumwombee. Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akaniambia nirudi nyumbani na Mama Aika, aliyekuwa ametufuata mbio na viatu vyake vya kanisani mkononi.

Mama akabaki huko, akawa analala chini ya kitanda cha Hami. Mimi nyumbani nikaanza wazimu wangu. Nilikuwa nimesikia ubaya uko kwenye damu, na Hami ni ndugu yangu, tumbo moja, damu moja. Basi na kwangu utakuwemo. Na kinachoua ni baridi. Nikaapa sitakuwa wa baridi. Nilikataa kuoga. Nilikaa juani katikati ya ua mpaka kichwa kinagonga, na ndani nilijifunika blanketi na joto lote lile la Dar, najigusa paji la uso nahakikisha. Mama Aika aliponiona natetemeka kwa jasho alijua ni malaria, akanipa klorokwini, vile vidonge vinavyowasha mwili, nikajikuna siku nzima. Nilifurahi kujikuna. Nilijiambia anayekufa hajikuni.

Na Bibi? Hakuna aliyemsema Bibi. Ingekuwa afadhali asemwe. Wapangaji walimsalimia kama kawaida, shikamoo, marahaba, lakini hakuna aliyekaa naye tena kwenye kizingiti, na nilimwona Mama Aika mwenyewe, shavu limevimba, anakwenda kwa daktari wa meno. Bibi akaacha kula. Alikuwa anafagia ua, anamaliza, anaanza upya. Birika lile kubwa alilisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, akalifunika, hakulitumia tena. Mara moja nilimkuta ameketi mbele ya sanduku lake, ile soksi ya sukari iko mapajani tupu, anaipindua ndani nje. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa mikono yake itakuwa ya baridi.

Ilikuwa likizo ya shule, kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda na Bibi hospitali kumpelekea Mama chai na chochote kilichopatikana. Watoto walikuwa hawaruhusiwi wodini. Bibi aliruhusiwa, lakini hakuingia. Mama alikuwa anatoka mpaka mlangoni, macho mekundu, anapokea chupa ya chai, anasema bado yupo, na Bibi anaitikia akiwa anatazama chini. Hawakuwa wanaongea zaidi ya hapo. Kisha tunakwenda kukaa kwenye nyasi nje ya dirisha, maana Mama alishatuonyesha, kitanda cha Hami kilikuwa karibu na dirisha hilo.

Asubuhi ndiyo saa ya kuosha vidonda. Tulikuwa tunakisikia kile kitoroli cha dawa kinavyokuja, gurudumu lake moja linalia, kinasimama kitanda hadi kitanda, na kila kinaposimama mtoto anaanza kupiga mayowe. Ni wodi ya walioungua, hakuna asiyelia. Nilishawajua kwa sauti. Kulikuwa na msichana wa sauti nzito, kulikuwa na mmoja anayemwita dada yake badala ya mama. Kisha kitoroli kinafika chini ya dirisha letu. Vidole vya Bibi vinasimama kwenye tasbihi. Tunasikia maji yakimiminwa kwenye bakuli, tunasikia mkasi, tunasikia nesi anamsemesha. Kutoka kwa Hami, kimya. Kitoroli kinasogea, mtoto wa kitanda kinachofuata anaanza kulia. Bibi anavuta pumzi, vidole vinaendelea. Kila asubuhi ikawa hivyo, na kila asubuhi nilirudi nyumbani najua kesho Mama akitoka mlangoni atasema neno jingine.

Baba alifika katikati ya siku hizo, vumbi la safari bado kwenye nyusi. Aliingia wodini, akatoka, akasimama karibu nasi akiikunja kofia yake. Bibi akamwambia mwanangu, ni mimi. Baba akasema mama, tusiseme hayo sasa. Akakaa naye kwenye nyasi mpaka askari wa getini alipotutoa.

Asubuhi moja, sijui ilikuwa ya ngapi, kitoroli kilifika chini ya dirisha. Vidole vya Bibi vikasimama. Maji yakamiminwa. Mkasi ukalia. Kisha nikasikia kitu kidogo, kinakwaruza, nikadhani ni gurudumu. Kikarudia. Halafu kikapanda, kikapanda, kikafunguka kuwa ile sauti, ile ile ya zahanati, iliyomtapisha Mama mtaroni.

"Niache! Niache, mbwa we! Namwambia baba akugonge na lori, mbwa we!"

Likafuata na tusi jingine, la kumtukania nesi mama yake, ambalo siwezi kuliandika na sijui alilitoa wapi. Watu waliokuwa wanapita na vikapu vyao wakasimama. Nilimgeukia Bibi nikiwa nimejikunyata, kwa sababu kwetu tusi dogo kuliko hilo lilikuwa linakupatia kofi la mdomo. Bibi alikuwa amejiziba uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika, na machozi yanapita katikati ya vidole.

Mfanyakazi mmoja wa usafi akasimama na ndoo yake. "Bibi, huyo mjukuu wako? Mbona hana adabu hivyo?"

"Wangu," Bibi akasema. "Mwache atukane."

Akanipa tasbihi nimshikie. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akajikung'uta nyasi kwenye baibui, akaingia wodini.